Kwa nini kungoja habari kunaumiza kuliko kuipokea

Mtu wa Kigoma anayeishi Dar es Salaam anaijua simu ya namna hii. Inaingia alfajiri, na sauti ya kaka mkubwa au ya baba mdogo inasema maneno machache: "Mgonjwa hali yake si nzuri. Anza safari." Hapo hapo anatambua kwamba huenda mgonjwa ameshafariki, maana ndivyo wengi wetu tunavyompelekea msiba mtu aliye mbali. Lakini huenda pia yu hai. Anakata tiketi, anakaa kwenye basi, na mbele yake zipo zaidi ya kilomita 1,200 za kuwaza. Morogoro anajiambia amekufa. Dodoma anajiambia hapana, wangesema. Akifika Tabora ameshamzika na kumfufua mara nyingi, na bado njia ni ndefu.

Simlaumu anayepiga simu hiyo. Mtu aliye peke yake kwenye chumba cha kupanga, akiambiwa ghafla kwamba mama hayupo, anaweza kuanguka na hakuna wa kumdaka. Desturi ilizaliwa na huruma. Ila ipo njia ya kumlinda bila kumwacha gizani: mpigie kwanza jirani yake, mwenye nyumba wake au mwenzake wa kazini, huyo afike, akae naye, ndipo asikie ukweli akiwa ameshikwa mkono. Kumpakia mtu kwenye basi akiwa na "huenda" kifuani kwa siku nzima si kumpunguzia maumivu. Kuna sababu za kimwili kwa nini nasema hivyo, na ndizo ninazotaka kuzieleza.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London, Archy de Berker akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya jaribio dogo lenye mafunzo makubwa. Watu 45 walikaa mbele ya kompyuta wakicheza mchezo wa kugeuza mawe. Chini ya baadhi ya mawe alikuwapo nyoka wa kuchorwa, na kila nyoka alipotokea, mchezaji alipigwa shoti ya umeme mkononi, ya kuuma kweli. Kazi yake ilikuwa kubashiri: jiwe hili lina nyoka au halina? Uwezekano ulikuwa ukibadilika kila baada ya muda, hivyo aliyedhani ameshaujua mchezo alijikuta anaanza upya. Wakati wote huo watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, na wakawauliza wenyewe wanajisikiaje.

Ungetegemea mwenye hofu kubwa awe yule aliye na uhakika wa kupigwa shoti. Haikuwa hivyo. Hofu ilifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, na aliyejua kabisa kwamba shoti inakuja alikuwa na afadhali kuliko yule ambaye hajui.

Maelezo yanaanzia kwenye kazi ya ubongo. Ubongo haukai ukisubiri mambo yatokee ndipo ushughulike; muda wote unabashiri kitakachofuata na kuuandaa mwili mapema. Habari ikiwa mbaya lakini ya hakika, maandalizi ni ya aina moja. Habari isipojulikana, mwili unalazimika kujiandaa kwa mambo mawili yanayopingana, na hauwezi kuacha lolote kati yake. Fikiria mama lishe aliyeambiwa kwamba leo huenda wakaja wageni hamsini au asije hata mmoja: hawezi kuzima moto, hawezi kufunga kibanda, na kuni zinateketea tangu asubuhi. Adrenalini inapanda, moyo unakwenda mbio, kotisoli, ambayo ni homoni ya mfadhaiko, inabaki juu kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa, usingizi unakatika, chakula hakipiti. Magazeti yetu yanapoandika kwamba watahiniwa wako "matumbo joto" yanasema jambo la kweli kuhusu matumbo, kwa sababu mfumo wa chakula ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuvurugwa na hali hii.

Jaribio lile lilikuwa na matokeo ya pili ambayo hayazungumzwi sana, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Wale ambao hofu yao ilipanda na kushuka sawasawa na kiwango cha mashaka ndio waliobashiri vizuri. Hofu ya kutojua, kwa hiyo, ina kazi yake: inakuamsha ujifunze upesi na utende upesi. Balaa linakuja pale ambapo hakuna cha kujifunza wala cha kutenda.

Chukua wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili taa zao ziweze kuwavuta dagaa juu. Upepo ukichafuka ghafla katikati ya usiku, walio ziwani wana hatari kubwa kuliko mtu yeyote, lakini wana kamba za kukaza, maji ya kufua na chombo cha kuelekeza. Mwili umewapa nguvu na nguvu ina pa kwenda. Mke aliyesimama mwaloni Kibirizi au Katonga anaangalia maji, na mwili wake umempa nguvu ile ile, ila yeye hana kamba hata moja ya kuvuta. Ndiyo maana mtu anayengoja huanza kutafuta kazi ya uongo: anapiga simu isiyopatikana mara kumi, anauliza kila apitaye, anafasiri ndoto, anakwenda kupiga ramli. Si ujinga. Ni nguvu inayotafuta mlango.

Matokeo ya mtihani

Hakuna kungoja kunakojulikana na kaya nyingi zaidi nchini kuliko kule kwa matokeo ya Baraza la Mitihani. Kidato cha nne wanafanya mtihani Novemba, na kwa miaka ya karibuni matokeo yamekuwa yakitoka Januari. Wa kidato cha sita wanafanya Mei, wanayapata Julai. Anayefaulu kidato cha nne hajamaliza. Anaanza kungoja upya uchaguzi wa kidato cha tano na vyuo, bila kujua atapangwa Tabora Boys, Kibondo au mkoa ambao hajawahi kuukanyaga.

Mtu aliyechunguza kungoja kwa namna hii kwa kina ni Kate Sweeny, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Riverside. Yeye na wenzake waliwafuatilia wahitimu wa sheria wa California, ambao hufanya mtihani wa uwakili Julai na kungoja takriban miezi minne hadi Novemba. Waligundua kwamba hofu haitandi sawa katika muda wote. Ni kali siku za mwanzo, mtu akiwa bado anajibu maswali upya kichwani, inalegea katikati, kisha inarudi kwa nguvu siku ya matokeo inapokaribia. Mzazi anayemwona binti yake ametulia Desemba asidhani yamekwisha, na akimwona Januari ameanza kufoka bila sababu asidhani amebadilika tabia.

Siku za mwisho kuna jambo jingine linalowashangaza watu. Mwanafunzi aliyekuwa akisema "nitapata divisheni wani" anaanza kusema "nimefeli, najua nimefeli." Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi zake, zilishasahihishwa. Anajikinga. Akishajishusha mwenyewe, habari mbaya haitamkuta juu, na nzuri ikija atafurahi mara mbili. Wataalamu wameiona tabia hii mara nyingi, na ikija siku za mwisho haina madhara makubwa. Inadhuru pale mtu anapoianza mapema na kuishi miezi yote akiwa ameshafeli mtihani ambao hajafeli. Mzazi anayemwambia "usiseme hivyo, utajitabiria" anamwongezea mzigo, maana sasa kijana anaogopa matokeo na anaogopa pia maneno yake mwenyewe.

Katika utafiti mmoja uliochapishwa 2016, wenye wahitimu 230, Sweeny na wenzake walikuta jambo lisilotegemewa. Mbinu nyingi ambazo watu hutumia kujituliza hazikuwatuliza. Na walioteseka zaidi wakati wa kungoja ndio waliozipokea habari mbaya kwa uthabiti na habari nzuri kwa furaha kubwa, kuliko wale waliokipita kipindi hicho wakiwa watulivu kabisa. Hii isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kujitesa. Inachosema ni kwamba mwenye hofu haharibikiwi; anafanya kazi ya ndani ambayo itamfaa baadaye, na anayemwita mwoga hamtendei haki.

Kilichoonekana kusaidia kweli katika tafiti zake nyingine ni shughuli inayommeza mtu mzima, ngumu kiasi cha kutaka akili yote, nyepesi kiasi cha kuweza kuifanya. Kutazama simu hakumo. Kwetu naona vijana wanaolima mahindi Kasulu, wanaojifunza ushonaji au wanaochuuza mawese sokoni wakati wa kungoja wanaipita Januari kwa unafuu kuliko waliokaa barazani kurudia tovuti ile ile.

Kimya cha zamani na kimya cha leo

Ujiji, mwendo mfupi kutoka stesheni ya reli ya Kigoma, palikuwa mahali pa kungoja habari kabla ya simu, kabla ya reli yenyewe. David Livingstone aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Kabla mwaka haujaisha, baadhi ya watu wa msafara wake walirudi pwani wakisema ameuawa. Ulikuwa uongo wa watu waliotoroka, na ujumbe uliotumwa Nyasa mwaka 1867 ndio uliobainisha hivyo. Kisha kimya kikarudi. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871, alimletea mfuko wa barua wenye tarehe 1 Novemba 1870, uliokuwa umekawia njiani na ambao Stanley aliukuta Unyanyembe, hapo Tabora. Kwa masimulizi ya Stanley, mzee alisoma barua moja mbili za watoto wake, akauweka mfuko magotini, akasema kwanza aelezwe habari za dunia. Akasimuliwa Mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, na vita vya Ufaransa na Prussia, mambo ambayo Ulaya ilishayazoea na yeye ndiyo kwanza anayasikia.

Baada ya hapo walikwenda pamoja Tabora, na Machi 1872 Stanley akaondoka kwenda pwani, akiahidi kumpelekea wapagazi. Livingstone akabaki kwenye tembe la Kwihara, ambalo hadi leo ni makumbusho, akingoja hadi Agosti. Katika shajara yake analalamika kwamba kungoja huku kunachosha, na wakati huo huo anapiga hesabu kwamba watu hao hawawezi kuwasili kabla ya katikati ya mwezi. Nimevutiwa sana na hesabu hiyo. Hakuwa na habari, lakini alijua umbali, alijua mwendo wa mpagazi kwa siku, na akajitengenezea tarehe. Kabla ya tarehe hiyo kuchelewa kwao hakukuwa kuchelewa.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, Susi na Chuma wakiwaongoza, wakaubeba mwili wake kuelekea pwani. Oktoba Chuma aliwatangulia hadi Unyanyembe na barua ya taarifa, akamkabidhi Luteni Verney Lovett Cameron, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone na alikuwa pale akiugua homa. London ilipata habari mapema mwaka 1874. Kwa miezi yote hiyo watoto wake waliishi kama watoto wa mtu aliye hai, na yamkini kimya chake hakikuwatisha kuliko kawaida, kwa sababu kimya kilikuwa ndiyo kawaida.

Hapo ndipo simu ilipobadilisha mambo. Haikupunguza kungoja, ilikifanya kimya kiwe na tafsiri. Mtoto aliye Mwanza asipopokea simu kwa saa mbili, mama yake Ujiji ameshamaliza ajali zote. Ujumbe ukiwa na tiki mbili bila kujibiwa, unasomwa kama barua ya kukataliwa. Waswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nao walikuwa wakisema juu ya kimya kirefu. Sisi tunausikia mshindo ndani ya dakika kumi. Dawa moja ambayo familia zinaweza kujiwekea bila gharama ni ile ya Kwihara: msafiri aseme kabla ya kuondoka ni wapi mtandao utakatika na ni saa ngapi atapiga. Anayevuka kwenda vijiji vya kaskazini ya ziwa akisema "msinitafute hadi kesho jioni" amewapa nyumbani usingizi wa usiku mmoja.

Kungoja kusiko na tarehe

Yote niliyosema yanahusu kungoja kunakoisha. Kigoma inakujua pia kusikoisha. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu 1996 na Warundi wengi tangu 2015. Mei mwaka huo maelfu kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa, na MV Liemba ikafanya kazi ya kuwahamishia Kigoma mjini. Katika mikimbio ya namna hiyo mtoto anashika mkono usio wa mama yake, mume anapita njia nyingine, na miaka inapita bila mtu kujua mwenzake yu hai au la.

Pauline Boss, aliyeanza utafiti wake miaka ya 1970 kwa familia za marubani wa Marekani waliopotea Vietnam, alionyesha kwamba hali hii ni msiba wa aina yake. Aliyefiwa anaweka matanga, analia, anapewa pole, na watu wanajua wamfanyie nini. Aliyepotelewa hana lolote kati ya hayo. Akilia, anaambiwa anamwua mtu aliye hai. Akicheka, anaonekana amesahau. Kumwambia "kubali tu ameshakufa" ni kumdai uhakika ambao hakuna aliyenao. Boss anashauri watu kama hao wasaidiwe kuishi na mawazo mawili kwa pamoja, kwamba huenda hayupo na huenda atarudi, badala ya kulazimishwa kuchagua moja.

Shirika la Msalaba Mwekundu linalifanyia kazi jambo hili tangu 1870, lilipoanzisha ofisi ya kutafuta watu huko Basel, Uswisi, wakati wa vita vile vile ambavyo Livingstone alisimuliwa Ujiji. Barua zake hupelekwa wazi, bila kufungwa, zikibeba habari za familia tu, ili mtu yeyote azione kwamba hazina siri ya vita. Kwa anayengoja, kujaza fomu ya kumtafuta ndugu ni kazi ya kweli, tofauti kabisa na ramli, hata kama jibu litachukua miaka.

Dini nayo iliona mapema kwamba binadamu hawezi kuachwa bila tarehe. Riwaya mashuhuri kutoka kwa Khalifa Umar bin Khattab inasema mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, ndipo awe huru kuolewa. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muda huo. Kilicho wazi ni nia yake: mwanamke asifanywe mlinzi wa mlango kwa umri wake wote.

Aliyeshika habari

Hapa ninaongea na wale wanaongojewa, kwa sababu ushauri mwingi humwendea anayengoja na kumwambia awe na subira. Mwaka 1985 David Maister, akichunguza foleni, aliandika kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kunakojulikana, na kusikoelezwa huonekana kurefu kuliko kulikoelezwa. Jambo hilo linamhusu mwuguzi, mwalimu, wakala wa basi na nahodha.

Tazama vipimo vya hospitali. Kipimo cha haraka cha VVU hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Kipimo cha kifua kikuu kwa mashine ya GeneXpert huchukua kama saa mbili, lakini kuotesha vimelea vyake maabara huchukua wiki kadhaa, kwa sababu bakteria huyo hukua polepole mno, akigawanyika mara moja tu kwa siku hivi. Mgonjwa aliyeelezwa hilo anajua kwamba wiki ya tatu bila jibu si dalili mbaya. Ambaye hakuelezwa anaisoma kama hukumu. Vivyo hivyo kwa aliyekatwa kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe ili kipimwe: kile kipande kinahifadhiwa kwenye dawa, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba, kinapakwa rangi, kisha kinasomwa na mtaalamu, na wataalamu hao ni wachache nchini. Maelezo haya huchukua dakika mbili kutolewa. "Utapigiwa" huchukua sekunde moja, na humwacha mama wa watu akilala na simu chini ya mto kwa mwezi.

Kama tarehe ni Ijumaa, isemwe Ijumaa. Ijumaa ikifika na jibu halijaja, apigiwe hivyo hivyo, aambiwe halijaja na atapigiwa tena lini. Kwa anayengoja, simu ya kusema hakuna jipya ni habari tosha; inamwambia hajasahauliwa na kwamba kimya hakina maana iliyofichwa.

Watoto wa nyumba inayongoja ndio wanaosahaulika kabisa. Wakubwa wananong'ona jikoni, wakiingia watoto wanabadilisha mada, na wanadhani wamewakinga. Mtoto anayaona macho, anaisikia sauti iliyobadilika, na kwa kuwa hajaambiwa kitu anajaza nafasi mwenyewe, mara nyingi kwa kudhani kosa ni lake. Wa miaka saba hana haja ya kujua jina la ugonjwa wa bibi. Anatakiwa kuambiwa kwamba bibi amepimwa, kwamba hata baba na mama bado hawajui jibu, kwamba shangazi atalala hapa hadi Jumapili na ndiye atakayempeleka shule, na kwamba jibu likija ataambiwa siku hiyo hiyo.